Maswali ya Wasomaji: Duka Likifika Milioni 200

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinahusu kusajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi wetu tunaiita VAT. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu hofu iliyomo ndani yake ndiyo ninayokutana nayo kila wiki kwa wafanyabiashara ambao nimewashikia vitabu.

*Ndugu mwandishi, nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni, Moshi. Nauza saruji, nondo, mabati, misumari na rangi, na kwa miezi sita iliyopita mauzo yangu yamekuwa kama shilingi milioni 17 kila mwezi. Nina TIN (namba ya mlipakodi), nina leseni na natoa risiti za EFD (mashine ya risiti za kielektroniki). Juzi mkandarasi mmoja amekataa kununua kwangu kwa sababu risiti yangu haina VAT. Jirani yangu ananishauri nigawe duka mara mbili, saruji na nondo zibaki kwa jina langu na vilivyobaki viende kwenye TIN ya mume wangu, ili nisifikie kiwango cha kusajiliwa. Ninaogopa kwamba nikisajiliwa nitatoa asilimia 18 ya mauzo yangu yote, na duka litakufa. Nifanye nini? – Mama mwenye duka, Moshi.*

Mama, nianze na jambo ambalo halina mjadala. Kiwango cha kusajiliwa VAT, tangu kilipopandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100, ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa miezi 12, au shilingi milioni 100 kwa miezi sita mfululizo. Miezi hiyo haihesabiwi kuanzia Januari hadi Desemba kama wengi wanavyodhani. Inahesabiwa kurudi nyuma kutoka mwezi uliomalizika, ili mtu asiseme kwamba mwaka haujaisha. Mauzo yako ya miezi sita ni milioni 102, na kwa mwendo huo ya miezi 12 yatakuwa milioni 204. Umeshavuka. Sheria inakupa siku 30 tangu ulipofikia kiwango uwe umewasilisha maombi, kwa hiyo swali lako si kama usajiliwe au usisajiliwe, bali ni namna gani utasajiliwa bila duka kuyumba.

Sasa hofu yako. Si kweli kwamba utatoa asilimia 18 ya mauzo yako yote. Utakusanya kodi kwa mnunuzi, utakata kodi ambayo wewe mwenyewe umeshailipa ulipokuwa unanunua mzigo, na tofauti iliyobaki ndiyo utakayopeleka Mamlaka ya Mapato. Tuchukue mfano wa mwezi mmoja. Tuseme mzigo wa mwezi umeununua kwa shilingi 14,160,000 kutoka kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa. Ndani ya fedha hiyo bei ya bidhaa ni 12,000,000 na VAT ni 2,160,000. Mzigo huo unauuza wote kwa 17,000,000, na unabaki na 2,840,000 kabla ya kodi ya pango, mshahara wa kijana na umeme.

Leo, ukiwa hujasajiliwa, ile 2,160,000 umeimeza bila kuiona, kwa sababu huna njia ya kuirudisha. Ukisajiliwa na usibadilishe bei hata kidogo, kodi iliyomo ndani ya mauzo yako ya 17,000,000 itapatikana kwa kugawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18, nayo ni shilingi 2,593,220. Ukiondoa 2,160,000 uliyokwisha kulipa kwa muuzaji wa jumla, utapeleka 433,220. Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya kusajiliwa kwa mwezi huo, nayo ni kodi ya kile ulichoongeza juu ya bei ya kununulia, wala si ya mauzo yote. Ukitaka faida yako ibaki ileile ya 2,840,000, itabidi mzigo mzima uuzwe kwa 17,511,200, yaani nyongeza ya asilimia tatu hivi. Mfuko wa saruji wa shilingi 17,000 utapanda kwa takriban shilingi 500. Ninajua kwamba shilingi 500 si kitu kidogo kwa mteja wa Pasua au Majengo anayenunua mifuko mitatu na kuuliza bei maduka manne, na sitakuficha kwamba baadhi yao watakwenda kwa jirani. Lakini hebu mtazame mkandarasi wako. Yeye amesajiliwa, kwa hiyo akinunua kwako leo kwa 17,000,000 hapati chochote cha kukata katika ritani yake, yaani hesabu ya kodi anayoiwasilisha kila mwezi; akinunua kwa 17,511,200 kwa risiti yenye VAT atakata 2,671,200, na mzigo utakuwa umemgharimu 14,840,000. Ndiyo maana alikuacha. Pima wateja wako: kama wanaojenga shule, zahanati na majengo ya biashara ndio wanaokubeba, usajili utakuletea wateja ambao leo wanakupita.

Nimetumia asilimia 18 kwa sababu ndicho kiwango cha kawaida. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilileta pia kiwango cha asilimia 16 kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa njia ya benki au mfumo wa malipo wa kielektroniki, kwa hiyo mashine yako na mhasibu wako wawe tayari kutenganisha mauzo ya namna hizo mbili.

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya mguu mmoja, nao ni risiti. Kodi ya manunuzi haikatwi kwa maneno. Inakatwa kwa risiti ya kielektroniki iliyotolewa na muuzaji aliyesajiliwa, yenye TIN yako wewe mnunuzi, na unatakiwa kuidai ndani ya miezi sita. Tuseme nusu ya mzigo ule umeununua kwa mtu asiyetoa risiti ya VAT, kwa bei ileile. Utakata 1,080,000 tu, utapeleka 1,513,220, na katika ile 2,840,000 utabakiwa na 1,326,780. Hapo ndipo duka hufa, Mama, na mwenye duka husema kwamba limeuawa na VAT, ilhali limeuawa na mzigo wa njia ya panya. Muuzaji wa jumla akikwambia kwamba bila risiti atakupunguzia kidogo, piga hesabu kwanza ya kile unachokipoteza. Mara nyingi punguzo lake ni dogo kuliko kodi ambayo ungeikata.

Ushauri wa jirani yako ninakuomba uuache. Sheria imeuona ujanja huo siku nyingi, na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato ana uwezo wa kujumlisha mauzo ya watu wenye uhusiano anapoona kwamba biashara moja imepasuliwa ili kukwepa kusajiliwa. Duka moja, stoo moja, mtunza fedha mmoja, mume na mke: hakuna ofisa atakayeamini kwamba hizo ni biashara mbili. Ikigundulika baada ya miaka miwili, utadaiwa kodi ya miaka hiyo pamoja na riba na adhabu, kwa bidhaa ambazo wateja wake wamekwisha kuondoka nazo na huwezi kuwafuata uwadai asilimia yao.

Kuhusu utaratibu, maombi hufanywa kwa mtandao kupitia akaunti yako ya mlipakodi, kwa TIN uliyonayo, na hakuna ada yoyote. Kishoka anayekuomba fedha ili "akuharakishie" hana anachokiharakisha. Tegemea ofisa kuja kuona duka. Ukikubaliwa utapewa namba ya usajili na cheti chenye tarehe ya kuanza, na tarehe hiyo ndiyo ya kuangalia kuliko zote. Kabla yake usimtoze mtu VAT, hata kama maombi yako yako njiani, kwa sababu kutoza kodi bila kusajiliwa ni kosa. Kuanzia siku hiyo kila unachokiuza kina kodi ndani yake, hata kama umesahau kuiongeza, kwa kuwa bei isiyosema chochote huchukuliwa kwamba kodi imo. Muite wakala wa mashine yako mapema ili risiti zianze kutoka na namba ya VAT siku hiyohiyo. Cheti kitundike mahali ambapo mteja akiingia anakiona.

Na jambo la mwisho kwako: fungua akaunti ya pili, na kila Jumamosi jioni weka humo kodi ya juma hilo. Fedha ya VAT ikilala katika droo moja na fedha ya duka, itanunua mabati, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani na kulipa, utakuwa na mabati badala ya fedha.

*Habari za kazi. Nina umri wa miaka 27, nimeongoza watalii kwa miaka mitano, na sasa nimefungua kampuni yangu ndogo hapa Sakina, Arusha, nikiwa na gari moja na la pili njiani. Sijapata hata mgeni mmoja, lakini wakala wa Ujerumani ameahidi makundi manane kwa msimu ujao. Wenzangu wananiambia kwamba mgeni akitoka nje ya nchi huduma hiyo ni kama bidhaa inayosafirishwa nje, kwa hiyo haina VAT. Je, ni kweli? Na ninaweza kusajiliwa kabla sijauza? – Kijana wa Sakina.*

Kijana wangu, hongera kwa kuanza. Wenzako wamekosea, na kosa lao limewagharimu wengi. Mgeni anatoka Ujerumani, lakini huduma anaitumia Tarangire na Ngorongoro, ndani ya nchi hii. Huduma za utalii kama kuongoza wageni, kuwapeleka kuangalia wanyama na kuwasafirisha ziliwahi kusamehewa, msamaha huo ukaondolewa tarehe 1 Julai 2016, na tangu hapo zinatozwa kama huduma nyingine. Wakongwe wa kazi hii mjini watakumbuka mwaka ule ulivyokuwa: bei za msimu zilikuwa zimekwisha kukubaliwa na mawakala wa nje, na wengi walilipa kodi kutoka mfukoni kwa sababu mikataba yao haikuwa na neno lolote kuhusu kodi. Usirudie hilo. Katika kila bei unayompelekea wakala wako andika waziwazi kama VAT imo au haimo, na ongeza sentensi ya kwamba kodi za serikali zikibadilika bei itabadilika.

Kusajiliwa kabla ya kuuza kunawezekana. Sheria inamtambua mtu anayekusudia kuanza shughuli yenye kodi, ilimradi aonyeshe ushahidi kwamba nia yake ni ya kweli: mikataba, mpango wa biashara, vyanzo vya mtaji. Ahadi ya mdomo ya wakala wako haitoshi. Mwombe mkataba ulioandikwa. Makundi manane yakikufikisha kwenye kiwango nilichomwelezea yule mama wa Moshi utalazimika kusajiliwa hata hivyo, na kwa kazi yako mauzo hupanda haraka, kwa sababu fedha ya viingilio vya hifadhi na ya hoteli hupita mikononi mwako pamoja na ujira wako.

Ukisajiliwa mapema unapata nafasi ya kukata VAT ya gari la pili, na hapa kuna jambo ambalo watu hulichanganya. Kwa kawaida sheria inakataza kukata kodi ya gari la abiria na vipuri vyake, pamoja na kodi ya burudani. Lakini katazo la gari halimhusu mtu ambaye biashara yake yenyewe ni kuuza magari, kuyakodisha au kusafirisha watu. Gari lako la safari linaingia hapo. Gari dogo unalotumia kumpeleka mtoto shule haliingii, na ninakuomba usijaribu kuliingiza.

Risiti za viingilio vya hifadhi, za kambi na za mafuta zikusanye zote, hata safari ikiwa ngumu na umechoka. Mafuta hayana VAT ya kukata, lakini risiti zake utazihitaji katika hesabu za kodi ya mapato, ambayo ni kodi nyingine kabisa na ina ritani zake.

*Ninanunua mahindi na maharage vijijini na kuyauza kwa jumla soko la Kilombero, Arusha. Kwa mwaka ninaweza kuuza hata milioni 300, ingawa faida ni ndogo sana. Je, na mimi nisajiliwe? – Mfanyabiashara wa nafaka.*

Hapana, ikiwa biashara yako ni hiyo tu. Mazao ya kilimo yasiyosindikwa yamesamehewa, na mauzo yaliyosamehewa hayahesabiwi katika ule mstari wa milioni 200. Unaohesabiwa ni mzigo wenye kodi peke yake. Kukausha, kupembua, kupanga kwa madaraja na kufunga kwenye magunia hakubadilishi hali hiyo. Kinachobadilisha ni kusindika. Mwenzako anayenunua kahawa ya Tengeru au Machame, akaikaanga, akaisaga na kuipaki kwenye mifuko yenye nembo, amekwisha kutoka kwenye zao ghafi, na mauzo ya kahawa hiyo aanze kuyahesabu. Wewe nawe, kwa kuwa huuzi kitu chenye kodi, huwezi kukata VAT unayotozwa kwenye magunia au matengenezo ya lori, kwa hiyo iingize katika bei yako. EFD na kodi ya mapato zinakuhusu vilevile.

*Shikamoo. Mimi ni mzee wa Usa River, nina nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, inayoingiza kama milioni 60 kwa mwaka. Zamani nilikuwa na karakana na nililipa kodi ya mauzo. Hii VAT ndiyo ileile kwa jina jipya? Mwanangu naye amefungua ofisi ya uhasibu Moshi, amepata kazi za milioni 30 tu, na anaambiwa asajiliwe wakati mimi mwenye milioni 60 siambiwi. Sioni haki hapo. – Mzee wa Usa River.*

Marahaba, mzee wangu, ingawa ni mimi niliyepaswa kukuamkia kwanza. Ile kodi ya mauzo uliyolipa karakanani ilifutwa, na VAT ikachukua nafasi yake tarehe 1 Julai 1998, kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Tofauti yake kubwa ni huko kukata: kila anayeuza katika mnyororo anakata kodi aliyokwisha kumlipa yule wa nyuma yake, ili kodi isipande juu ya kodi. Jina la zamani limebaki kuchanganya watu kwa sababu katika ritani ya VAT mpaka leo kuna "kodi ya mauzo" na "kodi ya manunuzi", lakini hizo ni pande mbili za kodi hiyohiyo moja.

Nyumba yako ya wageni haijafikia kiwango, kwa hiyo hulazimiki. Mwanao analazimika kwa sababu sheria imewatenga watoa huduma za kitaalamu, kama wanasheria, wahasibu na wahandisi, wasajiliwe bila kujali ukubwa wa mauzo. Nami naona kwamba jambo hili linawabana sana vijana wanaoanza, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa ofisi huwa na wateja wachache na ritani kumi na mbili. Lakini ndivyo sheria ilivyo. Mwambie asajiliwe sasa, na kila ada anayoitaja kwa mteja aitaje pamoja na VAT tangu simu ya kwanza.

*Nilisajiliwa VAT nilipopata tenda ya kushona sare za shule. Tenda iliisha, nikarudi kwenye cherehani mbili hapa Kijenge. Nina miezi saba sijapeleka ritani kwa sababu sina mauzo ya maana. Nimepata ujumbe kwamba nina adhabu. Ninadaiwaje wakati sijauza? – Dada fundi, Arusha.*

Dada yangu, pole. Unadaiwa kwa kutowasilisha, wala si kwa kuuza. Aliyesajiliwa hupeleka ritani kila mwezi, hata kama ni sifuri katika kila mstari, na mwezi uliorukwa huzaa adhabu yake peke yake. Nimewahi kukaa na mteja wangu mmoja aliyefunga kibanda, akaamini kwamba kufunga mlango ni kufunga na usajili pia. Alirudi baada ya mwaka na nusu, na adhabu zilikuwa zimezidi thamani ya mashine zake zote. Sijaisahau sura yake siku ile, na ndiyo maana nimekuwekea nafasi katika safu hii.

Fanya mambo haya kwa mpangilio huu, wala usianze na la pili. Kwanza wasilisha ritani zote saba, mwezi mmoja mmoja, pamoja na mauzo madogo uliyoyapata kwenye cherehani, kwa sababu hayo nayo yana VAT mpaka siku utakapofutwa. Pili, andika barua kwa meneja wa mkoa ukieleza kilichotokea, ukiambatanisha barua ya kumalizika kwa tenda, na uombe upunguziwe adhabu. Kuomba si kukubali kuonewa wala si aibu, na anayejitokeza mwenyewe husikilizwa kuliko anayefuatwa. Tatu, omba kufutiwa usajili wa VAT kwa sababu mauzo yako yamekaa chini ya kiwango. Hesabu vitambaa, nyuzi na mashine ulizonazo ambazo kodi yake ya manunuzi uliwahi kuikata, kwa maana utatakiwa kuirejesha katika ritani ya mwisho. Mpaka upate majibu ya maandishi kwamba umefutwa, na tarehe yake, endelea kupeleka ritani kabla ya tarehe 20, na usiiache namba ile ya zamani ya VAT kwenye risiti hata siku moja baada ya tarehe ya kufutwa.